Saa Moja na Dakika Tano

Wapo wanaodhani kwamba wahenga waliposema kawia ufike walikuwa wakimshonea mvivu mto wa kulalia. Sivyo. Neno zito katika methali hiyo si kukawia bali kufika. Wahenga walijua kwamba njia fupi ina kiburi chake, na kwamba mtu anaweza kukikosa kitu maisha yake yote kwa sababu tu anakiona karibu. Walijua pia kwamba anayekokota miguu matopeni, mradi hajageuza uso, ni bora kuliko aliyepita angani kwa mbwembwe kisha akarudi alikotoka. Clarisse, mwanamke wa mtaa wa Lumumba mjini Bunia, aliisikia methali hiyo tangu angali anabebwa mgongoni. Maana yake aliijua akiwa na miaka thelathini na tisa.

Clarisse alifanya kazi katika shirika dogo la ndege. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha mbao chenye paa la bati, kando ya uwanja wa ndege wa Bunia. Shirika lilikuwa na ndege mbili za injini moja, zilizopeleka watu, dawa, misumari na vifaranga katika viwanja vya nyasi vilivyotawanyika msituni kama mabaka kwenye ngozi ya chui. Ni yeye aliyewapandisha abiria kwenye mizani pamoja na vifurushi vyao, kwani ndege ndogo haibebi mtu isiyemjua uzito. Ni yeye pia aliyeketi kila asubuhi mbele ya foni, ile redio ya masafa marefu, akawaita mawakala wa viwanja vya mbali mmoja baada ya mwingine na kuwauliza: mvua iko? Mawingu yako chini? Nyasi zimekatwa? Mbuzi wameondolewa?

Umbali wa kila kiwanja aliujua kama mama anavyojua umri wa wanawe. Alipoulizwa hakutazama karatasi.

"Bafwalema ni mbali, dada?" abiria walikuwa wakimuuliza, hasa wale ambao hawajawahi kupanda ndege.

"Ni karibu tu. Kilomita mia mbili themanini na tano. Saa moja na dakika tano. Hata njaa haitakukuta njiani."

Watu walicheka, wakapanda, wakaenda. Hakuna aliyejua kwamba jina la Bafwalema lilimkaa Clarisse kooni kama mwiba wa samaki. Katika kijiji hicho, kilichojificha msituni ng'ambo ya Niania kwenye njia ya kwenda Wamba, aliishi baba yake mzazi, muzee Adolphe, na miaka mitano ilikuwa imepita bila wawili hao kuonana.

Muzee Adolphe hakuwa mtu wa msitu. Alizaliwa Bule, kwenye vilima vya Djugu ambako upepo wa asubuhi huuma masikio, na huko alilima viazi na maharagwe hadi mvi zikamwota. Vijiji vilipoanza kuungua kwa vita, alikimbia na nguo alizovaa. Mkewe alikuwa amekwisha kufa zamani. Clarisse, mjane mwenye binti mmoja, Abigaël, alimpokea katika nyumba yake ya chumba na sebule pale Lumumba. Wote watatu walijibana humo kama njugu ndani ya ganda.

Mkulima asiye na shamba ni mkono usio na kazi. Muzee alishinda kizingitini akitazama kiganja chake. Hatimaye aliokota makopo matupu ya mafuta, akayajaza udongo, akapanda maharagwe. Makopo yakawa mawili, yakawa saba, yakawa ishirini, yakizunguka ukuta na kuingia hadi sebuleni siku za mvua kubwa. Alasiri moja Clarisse alirudi kutoka kazini akiwa ameloa chapachapa, siku nzima akiwa ametukanwa na abiria ambao ndege yao haikuruka. Mlangoni alijikwaa kwenye kopo, akaanguka kifudifudi. Alipoinuka, ulimi uliteleza kuliko mguu.

"Baba, hii nyumba iko ndogo. Haiwezi kuwa nyumba na ikuwe shamba. Na watu tuko wengi."

Muzee Adolphe aliinama. Aliliinua lile kopo, akaurudisha udongo ndani kwa vidole vyake, punje kwa punje. Clarisse alitamani kulimeza neno lake, lakini neno ni kama mshale, likitoka halirudi upindeni. Siku ya tatu muzee alimwomba bintiye nafasi kwenye ndege ya Bafwalema. Alisema kwamba mdogo wake, Marcellin, alikuwa na shamba la mpunga kule na alihitaji mtu wa kumsaidia.

Hivyo ikawa Clarisse ndiye aliyempandisha baba yake kwenye mizani. Kilo hamsini na nane, pamoja na begi. Aliiandika namba hiyo daftarini. Muzee alimwambia, "Ubaki salama, mwanangu," akapanda ngazi polepole akishikilia kofia yake, na ndege ikanyanyuka na kuwa nukta juu ya vilima.

Tangu siku ile, kila Jumanne ndege ilipokwenda Bafwalema, Clarisse alimpa rubani kifurushi: sabuni, chumvi, fulana, dawa ya maumivu ya mgongo. Na ndege iliporudi ilileta mchele mpya katika mfuko mdogo ulioshonwa kwa kamba ya mgomba. Kule hakukuwa na mtandao wa simu. Salamu zilipitia kwa Orly, wakala wa kiwanja kile, naye alikuwa mtu wa maneno machache: "Muzee anasema iko salama. Anauliza kama mutoto wa Clarisse anasoma vizuri."

Ungeuliza, kwa nini asiende? Shirika lilimpa kila mfanyakazi nafasi moja ya bure kwa mwaka. Miaka mitano, nafasi tano, zote zikapotea. Mwaka wa kwanza alisema atakwenda Pasaka. Mwaka wa pili alisema mtihani wa Abigaël umalizike kwanza. Mwaka wa tatu hakusema kitu. Kwa kweli aliogopa. Aliogopa macho ya baba yake kuliko radi. Na woga wake ulipata kificho kizuri katika hesabu aliyoijua kwa moyo: ni saa moja tu na dakika tano, naweza kwenda siku yoyote. Kumbe siku yoyote haimo katika kalenda.

Hata hivyo hamu haifichiki kwa hesabu. Kila Jumanne alisimama nje ya ofisi ndege ikiondoka, akaitazama hadi macho yakamwuma. Kisha alitazama saa ya ukutani na kuwaza: sasa wanapita juu ya Mambasa. Sasa wameuona mto Epulu. Sasa Orly anafukuza mbuzi. Sasa baba amesikia mlio, ameweka jembe chini, anatembea kuelekea kiwanjani kuona kama nimo. Wazo hilo la mwisho lilimchoma kila wiki mahali palepale.

Abigaël, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba na haogopi kusema ukweli, alimkuta siku moja amesimama hivyo.

"Mama," alisema, "kila siku unaambia watu ni saa moja tu. Ile saa moja yako sasa iko na miaka mingapi?"

Clarisse akarudi ndani kwenye foni yake.

Mwezi wa kumi mvua zilikuja kwa hasira. Zilinyesha wiki tatu bila kuomba radhi. Asubuhi moja ya Jumatatu, Clarisse alipoita Bafwalema kwenye foni, sauti ya Orly ilikuja ikikwaruza.

"Bunia, hapa Bafwalema. Mvua imesimama kidogo. Kiwanja kiko na maji upande wa mtoni, lakini katikati ni kikavu. Mwambie rubani aangalie mwenyewe." Akashusha sauti. "Clarisse, ni siye wawili tu kwenye mawimbi?"

"Ni siye tu. Sema."

"Muzee yako hayuko muzima. Miguu imevimba, pumzi inakatika. Jana ameniuliza: kutoka Bunia mpaka hapa ni saa ngapi? Nikamwambia. Akasema, basi ni karibu."

Clarisse aliweka kipaza sauti mezani. 

Kesho yake, Jumanne, foni ya Bafwalema haikuitika. Clarisse alijipandisha mwenyewe kwenye mizani na kuandika jina lake mwenyewe. Alimwacha Abigaël kwa jirani yao Musoki. Rubani Stéphane, mtu mpole mwenye miaka ishirini ya kuruka juu ya misitu ile, alimketisha kiti cha mbele, karibu naye.

Ajabu ya mambo, Clarisse aliyewapeleka maelfu hakuwa amewahi kuuona msitu kutoka juu. Ulitanda mweusi na mbichi bila mshono, na barabara ilionekana humo kama uzi mwekundu ulioanguka kwenye zulia. Ilikuwa njia ya kilomita zaidi ya mia nne, nao waliiruka kama panzi anavyoruka kijiti. Moyo wake ulitangulia mbele ya pua ya ndege. Alipanga maneno, akayapangua, akayapanga tena. Dakika ya sitini na mbili Stéphane alinyoosha kidole.

"Bafwalema, hiyo."

Aliyaona mapaa ya majani, kanisa la matofali, mashamba ya mpunga kama mikeka. Watu walikuwa wakitoka nyumbani wakikimbia kuelekea kiwanjani, wadogo kama siafu. Miongoni mwa nyumba zile moja ilikuwa na mtu anayemngoja. Ndege ilishuka, ikashuka, na hapo Clarisse akaona alichokuwa amekwisha kukiona Stéphane. Katikati ya kiwanja, pale Orly alipopaita pakavu, maji ya usiku yalikuwa yamechimba mtaro mwekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Stéphane aliinua pua ya ndege. Walizunguka mara moja, mara mbili, mara ya tatu chini kabisa, hata Clarisse akauona mkono wa mwanamke mmoja ukipunga khanga.

"Hapana," alisema Stéphane.

"Jaribu hata kule mwisho, ndugu yangu. Nakuomba."

"Kule mwisho ni mita mia mbili. Mimi nataka mia nne. Nikilazimisha, dada, tutafika, lakini tutafika tumekufa. Baba yako hana haja na maiti yako."

Ndege ikageuka. Clarisse alijipinda kwenye kiti, akabandika paji la uso kwenye kioo, akakitazama kijiji kikisogea nyuma na kumezwa na miti. Alikuwa amefika Bafwalema, naye hakufika. Saa moja na dakika tano baadaye alishuka Bunia, kwenye udongo uleule alioondokea asubuhi, viatu vyake vikiwa safi.

Alirudi nyumbani, akafunga nguo mbili, blanketi na dawa katika mfuko. Abigaël alimtazama.

"Unaenda wapi?"

"Kwa babu yako."

"Na ndege haitui."

"Sikusema na ndege."

Jumatano alfajiri alipata nafasi juu ya lori lililobeba sabuni na sukari kuelekea Kisangani kwa njia ya Niania. Dereva aliitwa Yannick, kijana mnene mwenye sauti ya mhubiri. Abiria wengine walikuwa wachache, na aliyekaa ubavuni mwa Clarisse alikuwa Gentille, mama mfanyabiashara wa maharagwe ambaye barabara ile aliijua shimo kwa shimo.

"Unashuka wapi, mama?" Gentille alimuuliza.

"Bafwalema. Itachukua siku ngapi?"

Gentille alicheka kwa upole. "Barabara hii hawaihesabu kwa siku. Wanaihesabu kwa kufika."

Siku ya kwanza iliwafikisha Komanda. Siku ya pili, katika msafara uliolindwa na askari kwa sababu njia ile haikuwa na amani, walifika Mambasa. Hapo walizuiliwa. Mvua ilikuwa imekata njia mbele, na magari yakapanga foleni kama ng'ombe kwenye josho. Mambasa kulikuwa na mtandao, na simu ya Clarisse ikalia ujumbe wa Abigaël. Stéphane alisema watajaribu tena Jumanne ijayo kama ule mtaro utakuwa umezibwa. Mama arudi Bunia, apande ndege. Nafasi yake ipo.

Ujumbe huo ulimkalia Clarisse kichwani siku mbili. Alikaa juu ya magunia akipiga hesabu, kwani hesabu ndiyo iliyokuwa lugha yake. Kutoka Mambasa kurudi Bunia: siku mbili. Angefika Jumapili. Jumatatu angelala kitandani mwake, Jumanne angepanda ndege, na saa nne ya asubuhi angekuwa mikononi mwa baba yake. Kutoka Mambasa kwenda mbele: hakuna aliyejua. Kila alipoimaliza hesabu hiyo ilimpa jibu lilelile: rudi. Jumamosi asubuhi njia ilipofunguliwa, gari moja dogo liligeuza kuelekea Bunia na dereva wake akamwita.

"Bunia, nafasi moja."

Clarisse aliinuka na mfuko wake. Gentille alivuta miguu ampishe. Hapo hapo, mguu mmoja ukiwa hewani, Clarisse alihisi ladha aliyoijua vizuri mdomoni, ile ladha tamu ya kusema ni karibu tu, nitakwenda Jumanne. Alikuwa ameila kwa miaka mitano. Akaurudisha mguu ndani ya lori.

"Mpe mwingine," alisema. "Mimi naenda mbele."

Na mbele kulikuwa na tope. Jumapili walifikia kizuizi cha Epulu, na Jumatatu, mbali na kijiji chochote, lori la Yannick liliingia kwenye shimo hadi milango. Lilikuwa shimo la kuzika nyumba. Wanaume walichimba kwa majembe na sufuria, wanawake wakakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. Clarisse, ambaye mikono yake ilizoea kalamu, alibeba matawi hadi viganja vikachubuka. Walikula shikwanga moja, mkate wa muhogo, watu watatu. Lori lilisogea urefu wa mkono, kisha likazama upya.

Jumanne kabla ya saa nne, akiwa amesimama matopeni hadi magotini, aliusikia. Mlio ule angeutambua hata katika usingizi wa kifo: injini moja, ikitoka mashariki. Watu waliinua vichwa, lakini miti ilikuwa imefunga mbingu na hakuna aliyeona kitu.

"Ndege yako hiyo," Gentille alisema, na mara akajuta kusema.

Clarisse alijibwaga juu ya gogo. Kiti chake kilikuwa humo, kitupu au na mtu mwingine, kikipita juu ya kichwa chake kwa raha zake. Baada ya dakika ishirini kingekuwa Bafwalema. Na yeye, mjinga wa wajinga, alikuwa amebadilisha dakika ishirini na shimo. Alilia bila sauti, akijifuta kwa kiwiko kwa kuwa mikono ilijaa tope. "Baba," alinong'ona, "leo utakwenda kiwanjani kuona kama nimo, na sitakuwemo tena."

Lakini mazoea ya kazi hayafi. Alipokuwa akilia, jicho lake lilikuwa kwenye saa ya mkononi. Dakika ishirini kwenda. Ndege ikitua, kushusha mizigo na kupakia abiria huchukua nusu saa, haipungui kamwe. Kisha dakika ishirini nyingine. Kwa hiyo mlio usingerudi kabla ya dakika sabini.

Ulirudi dakika ya arobaini na nane.

Clarisse alisimama. Alihesabu tena, kisha akamgeukia Gentille, macho yamemtoka.

"Haikutua," alisema. "Imezunguka na imerudi. Haikutua, mama."

Hakuifurahia habari hiyo, maana ilimaanisha dawa hazikufika kule. Lakini kitu fulani ndani yake kilinyooka. Lile shimo lililokuwa kaburi la matumaini yake muda mfupi uliopita sasa lilikuwa mahali pa karibu zaidi na baba yake ambapo alipata kukanyaga kwa miaka mitano. Alishika tawi, akaingia matopeni. Jioni lori lilitoka, likilia kama mnyama anayezaa.

Jumatano walifika Niania. Clarisse aliagana na Gentille kwenye njia panda, wawili hao wakakumbatiana kama mtu na dada yake. Kutoka hapo alipanda pikipiki. Alhamisi, mbele ya daraja lililovunjika, dereva wa pikipiki alimwonyesha kijia. Kilomita kumi na moja zilizobaki alizitembea kwa mguu, mfuko kichwani. Ilikuwa siku ya tisa.

Alitokea kijijini saa tisa ya alasiri na kukikuta kimya. Nyumba zilikuwa wazi, kuku tu ndio waliozunguka. Aliharakisha miguu, kwani kijiji kisicho na watu mchana ni kijiji kilicho msibani. Alifuata sauti za mbali hadi ukingo wa kiwanja cha ndege, na huko akawaona. Kijiji kizima kilikuwa kiwanjani. Wanaume walichimba kifusi, wanawake walibeba mawe ya mtoni katika vikapu na kuyamwaga ndani ya ule mtaro mwekundu. Kando yao, kwenye kiti cha mianzi, alikaa mzee mmoja amejifunga blanketi, miguu imevimba kama magogo. Mkononi alikuwa na fimbo, na kwa fimbo hiyo alionyesha mahali jiwe linapopaswa kukaa.

Orly ndiye aliyemwona kwanza. Alitembea kumlaki, akamweleza kwa sauti ya chini.

"Tangu ndege ilirudi ile mara ya kwanza, anakataa kulala ndani. Anasema mutoto wake alikuwa mule. Anasema mutu hawezi kushuka kwa shimo. Kila asubuhi Marcellin na vijana wanamuleta na kiti. Siye tulikuwa tunasema kazi hii itangoja mvua iishe. Ni yeye ametutia haya."

Clarisse alipita katikati ya watu. Muzee Adolphe alikuwa ameinua uso, anatazama mawingu ya upande wa mashariki, upande wa Bunia. Bintiye akaja kutoka nyuma, kutoka upande wa barabara, tope limemkauka hadi kiunoni. Alipiga magoti kando ya kiti. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamebaki njiani, mengine Komanda, mengine kwenye shimo.

"Baba."

Mzee aligeuka taratibu. Alimtazama usoni, akatazama tope, akatazama miguu iliyopasuka.

"Umekuja na wapi?" aliuliza.

"Na barabara."

"Barabara," mzee alisema, kana kwamba neno hilo lilikuwa chakula kigeni. Kisha pumzi yake ikakatika, akangoja irudi. "Umekawia, mwanangu."

"Nimekawia, baba."

"Nilijua uko ndani ya ile ndege. Nilipunga kofia."

"Sikukuona. Niliona watu wadogo tu." Clarisse aliweka kichwa kwenye goti la baba yake. "Baba, lile neno la siku ile. Nyumba haikuwa ndogo. Mimi ndiye nilikuwa mudogo."

 Muzee Adolphe hakuwa mtu wa kumpaka mwingine mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Liliniuma," alisema. "Mwaka wa kwanza liliniuma kila siku. Wa pili, likaniuma Jumanne tu, ndege ikikuja bila weye. Kisha likapoa. Ikabaki tu kukungoja."

Akaweka kiganja chake kikavu juu ya kichwa cha bintiye, na watu waliokuwa karibu wakageuza nyuso zao na kuendelea kubeba mawe.

Wakakaa pamoja siku kumi na tisa. Clarisse alimwosha, akamkanda miguu, akampikia mchele wa mpunga alioulima mwenyewe. Mzee alimsimulia Bule: upepo wake, majina ya wazee waliozikwa huko, kilima alikomchumbia mama yake Clarisse. Clarisse alimpa salamu za Abigaël zilizokuwa zimelundikana miaka mitano. Siku ya kumi na tisa, jua likiwa utosini, pumzi yake ilikatika na haikurudi tena, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Walimzika karibu na mpunga.

Kiwanja kilimalizika wiki moja baadaye. Ndege ilitua bila kutikisika, na Stéphane akashuka akiwa na kifurushi cha dawa kifuani. Alipoona kitambaa cheusi kichwani mwa Clarisse, alivua kofia.

"Pole, dada," alisema. "Pole sana. Tumechelewa."

"Asante, ndugu yangu," Clarisse akajibu, macho yamelowa lakini sauti imetulia. "Ni kweli, ndege imechelewa. Mimi nilikawia tu."

Hakika wahenga hawakupoteza maneno yao: kawia ufike.